Kilio Ndani ya Waya

Bi Hepworth, jirani wa ukuta mmoja, ndiye aliyemwambia Lorna kwanza. Alisimama mlangoni Jumanne asubuhi, mwavuli ukichuruzika maji, akauliza kwa nini siku hizi Tamsin halii.

"Ametulia tu," Lorna alijibu kwa sauti ya chini. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Ametulia? Mwanangu, ukuta wetu huu ni mwembamba, wewe ukipiga chafya mimi nakuombea afya. Wiki tatu sijamsikia. Lakini jana nilipokupigia simu, alikuwa analia humo kwenye simu kama anachunwa. Nikaweka sikio ukutani. Kimya."

Lorna alicheka kidogo, kisha akaacha.

Wiki tatu zilizopita ndipo alipohamisha ruta ya intaneti. Ilikuwa ukumbini, kwenye soketi kuu, pale waya wa simu unapoingia kutoka mtaani. Mumewe, Gareth, alikuwa kazini kwenye mtambo wa mafuta baharini, na alitaka kumwona mtoto kwa video kila jioni akilazwa. Basi Lorna akaipandisha ghorofani, chumba cha nyuma, akaichomeka kwenye soketi ya nyongeza ya waya huo huo, kando ya kitanda cha mtoto. Tangu hapo intaneti ilikwamakwama, na ukuta ule ulinuka dawa ya kifua.

Walipanda wote wawili. Tamsin, mwenye miezi minane, alikuwa ameshika fito za kitanda, uso mwekundu, machozi tele, kinywa wazi. Hakuna sauti iliyotoka. Lorna alikuwa ameyaona machozi hayo siku nyingi akadhani ni meno. Alimbeba, akashuka naye mbio, akainua simu ya ukumbini. Kilio cha mwanawe kilikuwa mle, mbali, kama kinatoka chini ya kisima.

Bi Hepworth aliketi kwenye ngazi.

"Chumba kile kilikuwa cha Bi Sugden," alinong'ona. "Alipopooza, alipoteza sauti. Wakawa wanampaka dawa ya kifua, wakamwekea na simu kitandani. Alikuwa ananipigia, Lorna. Nasikia pumzi tu, nakata. Nilidhani ni watoto watukutu. Siku ya nne tukamkuta ameshika simu, amekufa."

Fundi Imtiaz, aliyeitwa kwa sababu ya intaneti, alifika saa kumi jioni, giza la mapema la Novemba likianza kushuka. Alipima mlangoni, akapima juu, akatikisa kichwa.

"Dada, intaneti mlangoni inaingia nzima. Ikifika juu, nusu haipo. Kuna kitu kinaila njiani. Rudisha ruta hapa kwenye soketi kuu, mimi nikate huo waya wa nyongeza. Dakika mbili tu, hata hii chai uliyonipa haitapoa."

Alifungua soketi, akashika waya kwa koleo, na papo hapo simu iliyolala mezani ikapiga ukelele, ukelele wa Tamsin, huku Tamsin mwenyewe akijikunja kifuani mwa mama yake bila sauti.

"Usikate!" Lorna alisema. "Sauti yake imo humo."

Fundi aliiangalia simu, akamwangalia mtoto. Aliondoka bila kuinywa ile chai, na Bi Hepworth akaondoka nyuma yake akilia.

Lorna alipanda peke yake na mtoto, akapiga magoti mbele ya soketi, harufu ya dawa ikamjaa puani, na ndani ya ukuta akasikia pumzi, nzito, ya mtu anayejaribu kutamka na kushindwa, inayosogea karibu kila alipotaka kurudi nyuma, hata alipoweka shavu ukutani alihisi joto lake sikioni, naye akijua kwamba akisimama sasa na kukimbia atakimbia na mtoto bubu maisha yake yote, hakusimama.

"Mwachie mtoto sauti yake," alisema. "Chukua yangu. Mimi mwenyewe siitumii sana."

Pumzi ilikatika.

Tamsin akalia. Alilia kwa nguvu mpaka madirisha yakatetema, na Lorna akafumbua kinywa kumbembeleza, akaona koo limekuwa tupu kama mfuko uliomwagwa. Alimbembeleza kwa mikono. Alichomoa ruta, akafunga chumba kwa ufunguo, wakalala sebuleni.

Asubuhi alikuwa akimlisha mtoto uji wa shayiri simu yake ya mkononi ilipotikisika. Ulikuwa ujumbe wa Gareth.

"Mpenzi, asante kwa kunipigia jana usiku. Miaka yote hii hujawahi kuongea nami saa nzima! Umeniuliza narudi lini. Nimeomba ruhusa, nafika Ijumaa. Umesema chumba cha nyuma kiko tayari."

Lorna aliusoma mara mbili. Aliweka kijiko chini, akamweka Tamsin begani, mtoto akianza kulia, na kwa kidole kimoja akaandika: "Si mimi. Ikikupigia tena, usiijibu."

Kabla hajatuma, simu ya ukumbini ililia mara moja, ikapokelewa bila mkono, na sauti yake mwenyewe ikamwita Gareth.