Fundo la Mgomba

Agatha Mshana alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye nguzo ya wavu, miguu kainyoosha mbele kama mtu anayevuta pumzi baada ya gemu ya tatu. Ila kichwa kilikuwa kimelalia bega vibaya, na fulana ya njano ya timu ya taifa ilikuwa imelowa damu mpaka kiunoni.

Inspekta Safia Mhando akachuchumaa. Hakugusa kitu. Shingoni palikuwa na uzi mwembamba, hauonekani kirahisi, maana ulikuwa umezama ndani ya nyama, na ncha zake zilipotelea nyuma, kati ya mgongo na nguzo. Aliyeuvuta aliuvuta mpaka koo likafunguka. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimekatwa hadi mfupa. Binti alijaribu kuingiza mkono kati ya uzi na shingo, akachelewa.

"Alipigana, afande," akasema Koplo Dickson.

"Na mtu aliye nyuma yake? Alipigana na hewa tu, maskini."

Kisigino cha kiatu kilikuwa kimechora michirizi myeusi kwenye mbao, mitano, sita. Raketi ilikuwa imekanyagwa ikavunjika katikati. Vinyoya vya kuchezea vilikuwa vimetapakaa kila upande, vingine vyeupe, vingine vimenywa damu.

Lilikuwa ghala la zamani la mkonge, Same mjini, karibu na reli. Paa refu, upepo hauingii, na badminton haitaki upepo hata wa kupuliza chai. Wiki tatu mabinti wawili walikuwa kambini hapo wakipigania nafasi moja: nafasi pekee ya Tanzania upande wa wanawake kwenye Michezo ya Afrika. Jumamosi Agatha aliichukua. Ndege ilikuwa kesho asubuhi.

Leo saa moja kocha Wilbard aliingia akamkuta hivi.

"Mlango ulikuwa umefungwa?" Safia akamuuliza.

"Umerudishiwa tu. Agatha huwa anakuja saa kumi na mbili, anaruka kamba peke yake. Ufunguo anao."

"Nani anajua kwamba anakuja mapema?"

"Same nzima. Kamba yake inasikika mpaka kwa muuza supu."

"Na nafasi yake anapewa nani?"

Wilbard akajifuta uso. Mtu mzima wa miaka hamsini, alikuwa amelia mpaka macho yamevimba. "Irine, wa akiba. Ila watu wa chama wamenipigia kutoka Dar. Jina jipya liwafikie kabla ya saa kumi jioni, bila hivyo nafasi inafutwa. Na mtu mwenye kesi hawamtaki."

"Kwa hiyo una mpaka saa kumi."

"Mimi nina nini, afande? Irine ndiye mwenye mpaka saa kumi."

*

Irine Mbwambo alikuwa na miaka ishirini na mbili, mrefu, mabega kama ya mchimba mitaro, na plasta kwenye vidole vinne. Kituoni Safia alianza na zile plasta.

"Umekatwa na nini?"

"Uzi. Jana nilikuwa nawamba raketi zangu."

"Agatha naye kakatwa na uzi."

"Nimesikia."

"Mlikuwa mnapendana?"

"Nilikuwa namchukia. Alikuwa ananiita spea tairi mbele za watu. Juzi nikamzaba kibao akaanguka. Kamuulize kocha."

"Sijakuuliza hilo."

"Ungeuliza. Nakupunguzia kazi."

Dickson akacheka. Akajikuta anacheka peke yake.

"Saa kumi na mbili asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kitandani."

"Na nani?"

"Na mbu."

Safia akapiga meza kwa kiganja. Kikombe kikaruka. "Irine! Nchi hii ina mtu mmoja tu anayefaidika na ile maiti, na nimekaa naye hapa. Usiniletee utani."

"Sasa mimi niue mtu, halafu nirudi kambini nilale, na plasta vidoleni, nisubiri mje kunibeba? Mnaniona fala?" Akainamia meza. "Nilitaka kumshinda, afande. Miaka minne nataka kumshinda. Maiti nitaishinda vipi?"

Saa sita mchana daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti akaleta kielelezo kwenye mfuko wa plastiki. Ndiyo ule uzi. Alikuwa ameutoa kwa koleo, na kila ncha ilikuwa imefungwa kwenye kijiti kinene kama kidole gumba.

Safia akauinua dirishani. Haukunyooka. Ulikuwa na mikunjo midogo midogo, sawasawa, kama nywele iliyofumuliwa.

Akamwita Wilbard. "Mbona uko hivi?"

"Umetoka kwenye raketi. Uzi ukishawambwa unapita juu na chini ya wenzake. Ukikaa mwezi mzima unabaki na mikunjo hiyo hiyo. Mpya hauko hivi. Huo ni wa kutupwa."

"Na vijiti?"

"Uzi wa badminton ukiuvuta kwa mikono mitupu unakukata wewe kwanza. Ndiyo maana Irine ana plasta."

Safia akafikiri. Muuaji aliujua huo uzi, ndiyo maana akaweka vishikio. Basi viganja vyake vilikuwa vizima. Plasta zilizokuwa zinamchongea Irine zikaanza kumtetea.

 Dickson alikuwa ameinama juu ya mfuko, pua karibu iguse plastiki.

"Afande, hili fundo nalijua."

"Fundo gani?"

"Hili la kwenye kijiti. Kwetu Gonja, huko mlimani, tunafungia mgomba ukibeba mkungu mzito usianguke. Unazungusha mara mbili, unapitisha chini, unaacha kitanzi. Mzigo ukivuta, linakaza. Ukishakata mkungu unavuta kitanzi, linafunguka, kamba unaiweka mpaka mwakani."

"Yaani mtu kaenda kunyonga na fundo la kufunguka?"

"Hakuwaza, afande. Mtu wa tambarare hafungi hivi. Na mtu wa mlimani umri umeshaenda, hawezi kufunga vingine. Mkono unajifungia wenyewe."

Wakarudi chumba cha mahojiano, Wilbard akawafuata mpaka mlangoni.

"Irine," Safia akasema, safari hii taratibu. "Nyuzi kuukuu mkishazikata kwenye raketi, mnapeleka wapi?"

Binti aliyekuwa anajibu kabla swali halijaisha akanyamaza. Akaangalia mfuko. Akaangalia kile kijiti. 

"Tunatupa."

"Hatutupi, Irine," Wilbard akasema kutoka mlangoni. "Si mzee wako ndiye anayezibeba kila akileta ndi..." Akaishia hapo. Akaushika mdomo wake kwa mkono.

Nje pikipiki ikapita. Safia akauweka mfuko mezani.

"Nani kwenu anafunga migomba?"

Irine akaanza kubandua plasta, moja moja, anaziweka mezani kwa mstari. "Baba yuko Vudee," akasema. "Baba yuko Vudee, afande. Yuko Vudee."

*

Land Cruiser ikapanda mlima kwenda Vudee saa saba na nusu. Kona baada ya kona, korongo upande mmoja, mahindi yananing'inia upande mwingine. Safia, mzaliwa wa Tanga, masikio yakamziba. Irine alikaa nyuma na askari wa kike, simu yake ikiwa ndani ya bahasha kituoni. Huko juu hakuna aliyepigiwa. Safia alihakikisha.

Mzee Eliamini Mbwambo alikuwa shambani, panga mkononi, anapunguza majani. Mfupi, mkavu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Katikati ya migomba yake palikuwa na kipande cha ardhi kilichosawazishwa kama meza, mistari ya chokaa, wavu wa kamba za katani. Na kila mgomba wenye mkungu ulikuwa umefungwa kwenye nguzo kwa uzi wa raketi. Mweupe, wa njano, wa waridi. Kila fundo na kitanzi chake.

"Shikamoo mzee," Safia akasema.

"Marahaba, marahaba. Karibuni." Akamwona binti yake ndani ya gari, uso ukachanua. "Mmemleta aage? Vizuri. Maana ndege ni kesho."

Safia akasimama palepale.

"Ndege ya nani, mzee?"

"Si ya kwake."

"Yeye ni wa akiba. Wa akiba hasafiri. Nani kakwambia anasafiri?"

 Mzee akamtazama Dickson, ambaye tayari alikuwa ameinamia fundo la mgomba wa karibu na ule mfuko wa plastiki mkononi.

Panga likaja bila neno. Dickson akainua mkono. Makali yakaingia chini ya kiwiko, yakagonga mfupa, damu ikaruka kwenye majani. Akaanguka chali. Mzee akalichomoa, akalinyanyua tena kwa mikono miwili, analenga kichwa.

"Weka chini! Weka chini!"

Safia akapiga risasi moja. Ikampata pajani. Eliamini akapiga magoti lakini panga hakuliachia. Akatambaa nalo kumwendea Dickson, anavuta mguu, meno kayauma, mpaka Safia alipomkanyaga kifundo cha mkono akasikia kinalia. Panga likadondoka. Akampiga kwa kitako cha bastola mara mbili. Ya pili haikuwa ya lazima, naye alijua.

"Baba!" Irine alikuwa anapiga kioo cha gari. "Baba!"

Walimfunga pingu, wakambana paja kwa mtandio. Dickson mkono wake ukafungwa kwa fulana. Akawa anatukana kwa Kipare, jambo lililompa Safia moyo; mtu anayekufa hatukani vizuri hivyo. Mzee wakamkalisha nyuma ya gari, uso kwa uso na mwanawe, mlango wazi.

"Anza," Safia akasema. "Na usinipotezee muda, unavuja."

Mzee hakutetemeka. Aliongea kama anayesimulia kazi ya shamba.

"Nilishuka na gari la ndizi alfajiri. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa anafunga viatu. Akasimama akaniamkia, 'Shikamoo baba.' Nikamwitikia marahaba. Akaniuliza, leo hujatuletea ndizi? Nikamwambia nimeleta, ziko nyuma yako. Akageuka."

Irine akatoa sauti kama mtu aliyepigwa tumboni.

"Alikuwa na nguvu," mzee akaendelea. "Alinibeba mgongoni, akanizungusha uwanja mzima. Nikasema huyu ataniangusha. Nikaweka goti mgongoni, nikavuta mpaka akakaa. Uzi ukagoma kutoka. Nikauacha."

"Alikukosea nini?"

"Mimi? Hakunikosea. Alimwibia huyu." Akamwonyesha Irine kwa kidevu. "Huu uwanja unaouona lilikuwa shamba la kahawa la mama yake. Nilikata yote ili mtoto apate pa kuchezea. Akawa wa pili mkoani. Wa pili taifa. Wa pili, wa pili. Unajua wa pili ni nani, mama? Wa kwanza anapanda ndege. Wa pili anapanda mahindi. Jumamosi alikuwa ameshika mechi mkononi. Pointi ya mwisho kinyoya kikaangukia mstarini, mwamuzi akasema nje. Na yule Agatha alikiona kwa macho yake, akanyamaza, akapokea tiketi ya mwanangu."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Irine alinipigia. Alilia kwenye simu nusu saa nzima. Mtoto wangu halii, mama. Tangu azaliwe sijamsikia akilia hivyo."

Safia akamgeukia binti. Irine alikuwa amejikunja, mikono kichwani, anatikisa kichwa polepole, halafu kwa kasi, kwa kasi zaidi.

"Kilitoka," akasema.

"Nini?" mzee akauliza.

"Kinyoya, baba. Kilitoka nje. Nusu futi nzima. Nilikiona mimi mwenyewe. Kila mtu alikiona." Akainua uso. "Niliona aibu kukwambia nimeshindwa tena. Nikakwambia nimeibiwa. Nilikudanganya, baba. Nilitaka tu usinikasirikie siku ile moja."

Mzee Eliamini alimtazama mwanawe muda mrefu. Damu ilikuwa inadondoka kutoka kwenye mtandio, tone, tone, kwenye bati la gari. 

Simu ya Safia ikalia. Wilbard.

"Afande, saa kumi kasoro dakika nane. Dar wako kwenye laini nyingine. Nimwandike au nisimwandike? Ana kesi?"

Safia akaangalia shamba, akaangalia panga chini, akamwangalia binti. "Hana kesi ya kuua," akasema. "Hakujua chochote. Kwa upande wangu ni msafi."

Irine akanyoosha mkono. Safia akasita, kisha akampa simu.

"Kocha, shikamoo. Ni mimi."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Nakuandika, sawa? Nakuandika sasa hivi."

"Kocha, Jumamosi nilifungwa ishirini na mbili kwa ishirini. Nilifungwa kihalali. Usiniandike."

"Irine, nafasi itafutwa. Hatapatikana mtu mwingine. Hakuna atakayecheza."

"Ndiyo. Iache ifutwe."

Hapo ndipo mzee alipopiga kelele. Aliyepigwa risasi bila kulia, aliyesimulia koo la binti wa watu bila kupepesa, sasa akapiga yowe mpaka watu wakatoka nje ng'ambo ya bonde. "Mwandike! Wilbard, mwandike! Mwandike mwanangu!" Akajirusha mbele akaipige ile simu kwa kichwa, pingu zikamrudisha, akajirusha tena. Paji la uso likapasuka kwenye ukingo wa mlango. Safia na yule askari wa kike wakamlalia mgongoni.

Irine akakata simu. Akamrudishia Safia kwa mikono miwili, kama anavyokabidhiwa mkubwa kitu, akashuka garini, akaanza kumsaidia Dickson kusimama.