Mshumaa wa Mtu Mwingine

Ariane aliporudi kutoka chuoni alasiri ile, alimkuta bibi yake, Koko Dative, amemimina chai vikombe viwili, ilhali nyumbani alikuwa peke yake.

"Koko, cha pili cha nani?"

"Cha mjomba wako Léonard. Tangu uniletee mshumaa wake, anakuja."

Ariane alicheka, kisha akanusa hewa. Fleti yao ya Rexdale, huku ughaibuni, ilikuwa kavu majira yote ya baridi, joto la mabomba likipasua midomo. Lakini leo ilinuka ubani na mawe mabichi. Harufu ile aliijua.

Wiki iliyopita alikuwa Brussels na timu ya mdahalo. Koko alimwomba jambo moja tu: Léonard alifia mji ule, wakamzika wageni; basi aingie kanisa kuu, amwashie mshumaa, amwombee, amletee kipande kitakachobaki. Kwao, mama aliyenyimwa kaburi la mwanawe hukaa na kipande hicho. Ariane aliingia, akazitazama nguzo, vioo vya rangi, dhahabu, hasira zikampanda.

"Nipige magoti hapa? Thubutu! Huu ni mpira wakoloni waliotugemesha kwa viboko, hii ni mikono yetu waliyoikata!"

"Dada, kanisa hili lilikuwapo kabla ya mpira," mwenzake Brice alimtania.

"Usinikatize!"

Hoja zake zilikuwa nzuri. Hata leo angezitetea. Ila mlangoni alimkumbuka Koko, na badala ya kurudi kuwasha, akauzima kwa vidole mshumaa uliokuwa ukiwaka, wa mtu asiyemjua, akaufutika mfukoni.

Sasa alinong'ona: "Huwa anasema nini?"

"Haongei vizuri, mama. Anatetemeka. Analia kwamba giza limemwangukia, hajui njia." Koko alitabasamu kwa huruma. "Nimemwahidi nitampeleka mwenyewe. Chai ikiisha, tunaondoka."

"Mnaondoka kwenda wapi?"

"Waliko wafu, mjukuu wangu. Kwingine wapi?"

Ariane akatazama kikombe cha pili, na chai ilikuwa ikishuka, taratibu, bila mkono wala mdomo, huku upande ule wa meza kukisikika pumzi fupi fupi za mtu mwenye mafua, na matone ya maji yakidondoka kwenye zulia chini ya kiti ambacho hakikuwa na mtu, na Koko, midomo yake imeanza kuwa ya kijivu, akiinua kikombe chake amalizie funda la mwisho.

"Koko, usinywe! Si Léonard!" Alikipiga kile kikombe, kikavunjika. "Sikuwasha. Sikuomba. Nilizima mshumaa wa mtu mwingine nikakuletea. Nisamehe."

Koko akakigeukia kiti kitupu. "Ndiyo maana mkono wako mdogo hivi," alisema polepole. "Léonard wangu alikuwa pande la mtu." Akajifunika uso kwa kitenge. "Kumbe yeye hajawashiwa bado."

Maneno yale yalimkata Ariane kuliko matusi. Alipiga magoti, akaanza kuviokota vigae vya kikombe.

Kiti kikasogea. Nyayo mbichi, ndogo, zikaizunguka meza, zikampita bibi, na kiganja cha barafu kikajipenyeza ndani ya kiganja cha Ariane, kikamng'ang'ania kama mtoto aliyepotea anavyomshika mtu mzima wa kwanza anayemwona, kikaanza kumvuta mlangoni.