Plamu Iliyofungwa Bandeji

Hawa alikiri kabla hajaulizwa.

"Nimeharibu mwenyewe," alisema. Mkono mmoja ulishika mausi ya kompyuta, mwingine kikombe cha chai iliyokwisha poa. "Msimtafute mchawi. Mchawi ndiye mimi hapa."

Amiri, mumewe, alikuwa ametoka shambani na buti zake za udongo. Aliichukua karatasi iliyotoka kwenye printa, akaigeuza huku na huku.

"Mke wangu, hii plamu imeumia wapi?"

"Imeumia vipi?"

"Naona umeifunga bandeji."

Hawa hakucheka, lakini ni kweli. Karatasi ile ilikuwa lebo ya chupa ya jamu. Ilikuwa ya njano, imekolea kama kiini cha yai. Katikati palikuwa na plamu nzuri ya zambarau. Tatizo ni kwamba plamu ilikaa ndani ya mraba mweupe, mkubwa, kama kitu kilichotoka hospitali.

Hawa alikuwa na duka dogo la kuchapa na kutoa kopi, chini kidogo ya soko la Lushoto. Kila siku alichapa barua za kuomba kazi, mitihani ya shule na kadi za harusi. Kazi hizo alizimudu. Picha za rangi ndiyo kwanza anaanza.

Mwaka ule soko lilikuwa huria kwelikweli. Maduka yalijaa jamu za kutoka nje, zina lebo zinazong'aa, na huku plamu za Usambara zinaoza chini ya miti. Mama mkwe wake, Mama Mwajuma, alichoka kuona hasara hiyo. Akaanza kupika jamu yake mwenyewe. Kristian, mwenye duka kule Muheza, aliionja akalamba mpaka kijiko.

"Tamu," alisema Kristian. "Lakini chupa uchi haiuziki. Nileteeni zenye lebo ya njano, zote zifanane. Jumamosi nafungua duka jipya. Zisipofika, ile rafu naipa jamu ya nje."

Na leo ilikuwa Ijumaa. Lori la mboga la Selemani lilikuwa linapakia karoti na kabichi pale sokoni. Likimaliza tu, linashuka Muheza. Hawa kila akisikia honi, aliinuka, akachungulia mlangoni, akarudi kukaa.

"Sasa huu weupe umetoka wapi?" Amiri aliuliza.

"Nimeuweka mimi. Picha nimeitoa kwenye ile CD ya picha za tayari tuliyonunua Dar. Nilipoifungua, nyuma ya plamu kulikuwa na miraba ya kijivu na nyeupe. Nikadhani wameipiga juu ya kitambaa cha meza. Kama kile cha mama."

"Au juu ya drafti."

"Au drafti! Nani atanunua jamu ya kwenye drafti? Nikachukua brashi ya kompyuta, nikaifuta miraba yote kwa rangi nyeupe. Asubuhi nzima, Amiri! Mpaka kidole kimekufa ganzi."

Mlango ulifunguliwa. Aliingia Sharifa, dada yake Amiri, amebeba kreti la chupa za jamu. Sharifa alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji Tanga, na alikuwa nyumbani kwa likizo. Nyuma yake alikuja Mama Mwajuma, mikono ina madoa ya plamu mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo mama," alisema Hawa.

"Marahaba. Lebo ziko wapi?"

Amiri aliwaonyesha ile karatasi. Sharifa aliitazama, akaziba mdomo kwa kanga.

"Wifi, cheka tu," alisema Hawa. "Kaka yako amekwisha nimaliza."

"Sikucheki wewe, najicheka mimi. Mwaka juzi nilichapa fulana za timu ya mpira. Nembo ikatoka na kisanduku cheupe kifuani. Vijana wa watu wakaitwa Bahasha msimu mzima! Haya, sogea nione."

Hawa alieleza habari ya miraba na brashi. Sharifa akatikisa kichwa.

"Ile miraba si kitambaa, wifi. Programu inakuambia kwamba hapo hakuna kitu, pako wazi. Ni kama kioo cha dirisha. Sasa kompyuta itakuonyeshaje kitu ambacho hakipo? Ndiyo maana inachora miraba. Miraba yenyewe haitoki kwenye karatasi."

"Kwa hiyo mimi..."

"Umelipaka dirisha chokaa, halafu unashangaa huoni nje."

Nje honi ililia. Hawa aliruka.

"Bado," alisema Amiri, akiwa mlangoni. "Selemani anamfukuza mbuzi."

"Rudi kwenye CD," alisema Sharifa. "Itoe picha upya, ile ambayo hujaigusa."

Hawa alifanya haraka. Programu ya CD ilimuuliza anataka picha ya aina gani. Asubuhi aliiacha ichague yenyewe; sasa akabonyeza JPG bila kufikiri, kama alivyofundishwa kwenye kozi, kwamba JPG ni nyepesi. Akaiweka plamu juu ya njano. Bandeji ikarudi.

"Sikuigusa!" Hawa alilia. "Mmeona wenyewe, brashi sijaishika!"

"Umechagua nini hapa?"

"JPG. Basi ngoja." Alilibadilisha jina la faili. Pale mwisho palipoandikwa JPG, akaandika PNG. Akaifungua tena. Weupe uko palepale.

Sharifa alicheka sasa bila kuficha. "Wifi, ukimwita mbuzi ng'ombe, kesho atatoa ndoo nzima ya maziwa?"

"Hata kule Kwai kwenye ng'ombe wa maziwa hawatoi wa hivyo," alisema Mama Mwajuma, akavuta kiti. "Mwelekeze mwenzio, mwanangu. Lori halitusubiri."

"Sikia," alisema Sharifa. "JPG ni nzuri kwa picha iliyojaa kona hadi kona. Picha ya harusi, picha ya mlima. Lakini haijui uwazi. Ukiipa sehemu iliyo wazi, inaijaza rangi, mara nyingi nyeupe. Ikishajaza, ndiyo basi. Kubadilisha jina hakurudishi kitu. PNG ndiyo inautunza uwazi. Kwa hiyo kosa tunalimaliza hapahapa, wakati wa kuitoa picha kwenye CD."

Hawa alirudi kwenye CD mara nyingine. Safari hii alichagua PNG.

"Kuna kisanduku hapo chini, cha kutunza uwazi," alisema Sharifa. "Kiwekee tiki. Wengi wanakipita."

Hawa aliweka tiki. Akaifungua picha kwenye programu ya kuhariri. Miraba ikatokea, kijivu na nyeupe. Mkono wake ukaanza kwenda kwenye brashi wenyewe.

"Wee!" walipiga kelele wote, hata mama mkwe.

"Naitazama tu jamani!"

"Iache ilivyo," alisema Sharifa. "Njano iweke kwenye tabaka lake, chini. Plamu tabaka la juu. Usiziunganishe mpaka umalize."

Hawa aliiweka njano chini ya plamu. Miraba ikatoweka. Njano ikafika mpaka kwenye ngozi ya plamu, ikazunguka kikonyo, ikapita chini ya jani. Hapakuwa na bandeji. Mama Mwajuma alisema neno moja kwa Kishambaa, polepole, kama mtu anayeona mtoto mchanga.

"Hifadhi kwanza, kabla umeme haujafanya vituko vyake," alisema Sharifa. "Faili ya kazi ihifadhi na matabaka yake, ili kesho ukitaka kubadilisha uweze. Ya kuchapa toa kopi. Hiyo hata ikiwa JPG haina neno, maana njano imekwisha ujaza ule uwazi."

Printa ilianza kukoroma. Hawa alikata lebo, Sharifa akapaka gundi, Mama Mwajuma akabandika, akiipangusa kila chupa kwa kanga. Honi ililia tena. Safari hii haikuwa ya mbuzi. Amiri alibeba kreti akakimbia nalo, buti zinapiga matope, huku anapaza sauti, "Selemani! Selemani we!"

Lori lilikwisha anza kutembea. Likasimama.

Usiku ule Hawa alilala jicho moja. Jumapili, Selemani alirudi na kreti tupu.

"Kristian amewapa rafu ya mbele," alisema. "Anasema ziongezwe. Na anauliza, jamu ya peasi hampiki?"

Jioni familia ilikaa mezani, kwenye kile kitambaa cha miraba. Ilibaki chupa moja tu yenye lebo. Amiri aliifungua. Mkate ukapita mkono kwa mkono, kijiko kikaingia, kikatoka, kikaingia tena.

"Jamani," alisema Hawa, akitokea jikoni na chai, "naombeni hiyo chupa mniachie, niiweke dukani watu waione."

Watu walikuwa wanatafuna, na kijiko kilikuwa kinakwangua chupa tupu.