Mlango wa Gereji Uliofungwa

Maneno yale niliyasikia kwenye foleni dukani, hapa mjini kwetu, jimbo la Kentucky, Marekani: eti mzee wa mtaa wa nyuma amekutwa gerejini kwake, kopo la gundi wazi, hapumui tena. Wengine walisema ni moyo. Wengine wakasema ni hewa mbaya. Niliyabeba hadi nyumbani, hayakunitoka.

Mume wangu Verlin alinicheka. "Mama Marlys, wewe na umbea wa foleni! Yule alikuwa na miaka themanini."

Jumamosi moja ya Februari, theluji ikianguka, Verlin na binti yetu Marlys, mwenye miaka kumi na miwili, walikuwa gerejini wakibadilisha mipira ya kuzuia maji kwenye paa la gari la Verlin la michezo la mwaka 1974. Paa lenyewe ni vioo viwili vinavyotolewa. Marlys alizipanga skrubu kwenye trei ya mayai, kila moja na namba yake, maana ndefu ikiingia pa fupi kioo hupasuka. Baba yake alibandua ukanda wa chuma unaoshikilia mpira, akafuta gundi kuukuu kwa tina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi.

Gundi mpya haishiki kwenye baridi. Verlin akafunga mlango mkubwa wa gereji, akawasha hita ya gesi.

"Mama akiuliza?"

"Mwambie uko wazi. Dakika ishirini tu, bosi wangu."

Nikapita ndani ya nyumba na kapu la nguo. "Mlango uko wazi huko?"

"Uko wazi, Mama!"

Marlys alikuwa hajawahi kunidanganya. Nikaenda zangu.

Alinisimulia baadaye. Mpira ukipakwa gundi, hushikiliwa kwa mikono mpaka ugande. Kichwa kilianza kumuuma, akavumilia, akiogopa kwamba akiuachia utapinda. Mara baba yake akaanza kucheka peke yake.

"Baba, unacheka nini?"

Verlin aliteleza akaanguka kando ya gurudumu kama gunia.

Marlys akaja jikoni kwa mlango wa ndani, akiyumba. "Mama, nilikudanganya. Mlango umefungwa. Baba haamki!"

Nilifungua mlango wa gereji, tukamburuta hadi kwenye theluji.

Hospitalini muuguzi alimshika Marlys bega. "Ulichelewa kusema, mwanangu, lakini ulisema. Dakika kumi zaidi usingekuwa na baba. Kumtii mzazi si kumfichia hatari."

Verlin yu hai. Mikono humtetemeka, na kuna siku jina langu humpotea. Mwezi wa Mei, mimi na Marlys tulimalizia lile paa uani, juani. Verlin aliketi kitini akitusomea namba za skrubu. Alipokosea, Marlys alichukua tu iliyo sahihi.

Basi, wanangu, jiepusheni na haya:

Kufunga mlango ukitumia gundi au tina, hata kukiwa na baridi.

Kuwasha moto au hita karibu nayo.

Kuvumilia kichwa kinachouma ili kazi iishe.

Kumtunzia mtu mzima siri ya hatari, hata awe baba yako.

Kusema "uko wazi" wakati umefungwa.