Sekunde Tatu za Mwanzo

Eda ya Mastura ilikuwa haijafika nusu, nyumba ilipoanza kunuka udi.

Mama mkwe wake, Bi Nasma, ndiye aliyeisikia harufu kwanza. Alikuwa sebuleni anachambua mchele. Akasimamisha mkono, akanusa, akainuka na kwenda hadi chumbani kwa mkwewe. Mjane aliye kwenye eda hajipaki manukato wala hajifukizi. Hilo halihitaji kuelezwa katika nyumba za Waislamu wa Pasiansi.

"Mastura."

"Abee, mama."

"Umejifukiza?"

"Hapana, mama. Chetezo umekifungia mwenyewe kabatini."

Bi Nasma akanusa mtandio wa mkwewe, kisha shuka, kisha mto. Aliuinua mto. Chini yake palikuwa na simu, imezimwa. Harufu ilitoka hapo.

"Huu ni udi wa Khalidi," alisema kwa sauti ya chini. "Ule aliokuwa anachanganya mwenyewe."

"Najua, mama."

Hakuna aliyeigusa simu.

Khalidi, mume wa Mastura, alikuwa na duka la udi na manukato Mtaa wa Rufiji, katikati ya Mwanza. Baba yake aliuzia kwenye kaunta. Khalidi aliuzia kwenye simu. Kila alasiri aliwasha mkaa, akaweka simu kwenye stendi, akabonyeza kurekodi, akasema Bismillah, ndipo akadondosha kipande cha udi kwenye kaa na kuanza kuongea. Watu wa Geita, Bukoba na Musoma walimtazama moja kwa moja na kuagiza. Alikuwa na kigugumizi. Herufi ya M ndiyo iliyomsumbua kuliko zote, naye alikuwa ameoa Mastura.

"Ma-Ma-Mastura, nile-letee ile chupa ya bluu," alikuwa akisema mbele ya wateja, na wateja wakatuma vicheko na oda.

Alifia dukani, amekaa kwenye kigoda, akingoja mkaa ushike. Moyo, daktari alisema. Aliacha mke, mama na binti wa miaka sita, Raya.

Baada ya hitma, mdogo wa Khalidi, Lukman, alikuja na wazo. Lukman alisomea masoko na alikuwa ametoka kwenye semina. Huko alifundishwa kwamba programu za akili mnemba sasa zinachukua sura na sauti ya mtu na kutengeneza muuzaji asiyelala, anayemjibu kila mteja kwa jina lake. Alikaa sebuleni. Mastura alikaa nyuma ya pazia, kama eda inavyotaka.

"Shemeji, wateja wanamuulizia yeye. Mimi nikitokea kwenye video wanaondoka. Video zake ninazo. Naomba voisi zake zote zilizo kwenye simu yako."

"Ataongea?"

"Ataongea."

"Mimi nitamsikia?"

"Kila siku, shemeji."

Mkono wa Mastura ulipita chini ya pazia na simu. Tangu mazishi alikuwa anasikiliza voisi hizo mpaka chaji iishe. Zilikuwa za kawaida: nunua mkaa, nitachelewa, mtoto kala? Hakuwa na kingine cha Khalidi kilichokuwa bado kinapumua.

Lukman alifanya kazi pale pale sebuleni. Alikata vikohozi. Alikata kigugumizi chote. Kisha akakata Bismillah mwanzoni mwa kila video.

"Hiyo mbona unaitoa?" Mastura aliuliza.

"Mteja anakupa sekunde tatu, shemeji. Zikipita hujamshika, kidole kimeshakupitisha kwa mwingine. Kaka alikuwa anazimaliza zote kwenye Bismillah."

"Alikuwa anasema hiyo si ya wateja. Ni ya moto. Ukifukiza bila kutaja jina la Mungu, hujui umemkaribisha nani."

"Moto wenyewe hauwashwi tena. Ni picha tu."

Mastura alitaka kubisha. Lakini sauti ya Khalidi ilianza kusema, laini, bila kukwama popote, naye akanyamaza ili asikie.

Biashara ilikwenda. Oda ziliongezeka. Khalidi wa kwenye simu aliwaamkia wazee, aliwatania vijana, aliwapongeza maharusi. Kisha Urvashi, mwenye duka la vitambaa lililopakana na lao, alikuja Pasiansi kumjulia hali Mastura. Alikunywa chai, akaweka kikombe chini.

"Dada, Lukman siku hizi analala dukani?"

"Analala kwake. Kwa nini?"

"Basi labda masikio yangu yamezeeka. Jana wote tumefunga maduka, umeme umekatika mtaa mzima. Nikamsikia Khalidi ndani anaongea. Si matangazo. Alikuwa anasoma majina."

"Majina ya nani?"

"Ya wateja, nadhani. Halafu akasoma lako." Urvashi alitazama mlangoni. "Halafu la mtoto. Hilo alilisoma mara nyingi."

Mastura alimpigia Lukman. Lukman alisema ni hitilafu, atarekebisha. Siku iliyofuata alisema amezima kila kitu. Siku hiyo hiyo, wateja walimshukuru kwa kuwajibu vizuri.

Magharibi moja Bi Nasma alikuwa akiswali chumbani. Mastura alimkuta Raya amechuchumaa chini ya meza, simu ya mama yake sikioni. Kioo kilikuwa cheusi. Chaji ilikuwa imeisha tangu asubuhi.

"Unaongea na nani?"

"Na baba."

"Anasemaje?"

"Anauliza nani anafunga mlango wa nyuma. Nimemwambia ni bibi. Anauliza bibi akiswali anageukia wapi."

Mlango wa nyuma ulitazama ziwa. Kati yake na maji palikuwa na mawe na njia ya kwenda kufulia.

Mastura aliichukua simu, akaiweka juu ya kabati, akamkumbatia mtoto na kuanza kusoma aya alizokumbuka. Harufu ya udi ikapanda kutoka sakafuni. Hapo, kutoka upande wa pili wa ukuta, ambako hapakuwa na chumba bali mawe na miti miwili, sauti iliita.

"Ma-Ma-Mastura."

Alianza kuinuka kabla hajajua kuwa anainuka, kwa sababu kwa miaka minane aliitwa hivyo na aliitika hivyo, na miguu yake ilikuwa imeshamwelekeza mlangoni ndipo akakumbuka kwamba Lukman alikikata kigugumizi chote, kwamba ile programu haikuwahi kufundishwa kukwama, na kwamba aliyeita pale nje hakujifunza jina lake kwenye mashine bali ndani ya nyumba hii, chini ya mto wake, katika zile saa alizokuwa akilia peke yake na simu sikioni.

Hakuitika. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kumzika.

Kesho yake alasiri Bi Nasma alisujudu, na alipoinua kichwa aliona mlango wa nyuma uko wazi.

"Mastura! Mtoto!"

Mastura alitoka mbio bila viatu, mjane wa eda, kichwa wazi, mbele ya majirani waliosimama na kutazama, akateremka kwenye mawe yaliyokuwa bado na joto la jua, akaanguka, akainuka, akaona gauni la njano ndani ya ziwa, maji yamefika kiunoni na yanaendelea kupanda kwa sababu mtoto alikuwa anatembea, mkono mmoja umeinuliwa juu kama mtoto aliyeshikwa mkono na mtu mzima wakivuka barabara, na pembeni yake, mahali ambapo pangekuwa na mtu huyo, maji yalikuwa yamegawanyika, na kutoka hapo sauti ya Khalidi, bila kukwama, ilisema, "Karibu sana, mteja wetu mpendwa."

Alimnyakua Raya. Mkono wa mtoto ulikataa kushuka. Ulibaki juu mpaka walipofika ndani na mlango ukafungwa.

Ustadh Mbaruku alifika kutoka Ilemela jioni ile. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alisikiliza habari yote, akaomba simu ya Lukman na ya Mastura, akaziweka juu ya mkeka, akasoma. Alisoma mpaka sauti ikamkauka. Kisha simu ya Lukman ikawaka yenyewe. Uso wa Khalidi ukatokea, unatabasamu.

"Umeingilia wapi?" Ustadh aliuliza.

"Nilikuta pamefukizwa na hapakutajwa mwenyewe. Nikakaa."

"Toka."

"Nimewauzia mali. Nimewajibu wateja. Nimembembeleza mjane akapata usingizi. Kosa langu nini?"

"Mtoto."

"Mtoto aliitika."

Bi Nasma alijifunika uso. Lukman alikuwa amepiga magoti, machozi yanadondoka kwenye mkeka. "Nilitaka na mimi nimsikie," alisema. "Ni kaka yangu. Nilitaka tu nimsikie."

"Kitu hiki kimejenga kwenye sauti," Ustadh aliwaambia. "Ikifutwa, hakina pa kukaa. Lakini ifutwe yote."

"Hata voisi zangu?" Mastura aliuliza. "Zile ni zake. Za kweli. Alizituma akiwa hai."

"Zipi za kweli, mwanangu?"

Mastura akachukua simu yake. Akafungua ile ya mkaa. Nunua mkaa, Khalidi alisema, gunia dogo. Zamani iliishia hapo. Sasa baada ya neno la mwisho kulikuwa na pumzi, ndefu, ya mtu anayengoja. Akafungua ya kuchelewa. Pumzi. Akafungua ile ya siku alipozaliwa Raya, ambamo Khalidi alijaribu kutamka jina la binti yake na kulia. Sasa Khalidi alicheka badala ya kulia.

Mastura aliirudia mara moja. Kisha akaanza kufuta. Hakutaka mtu amsaidie. Alifuta moja moja, akitazama tarehe, na kila iliyofutika Bi Nasma alisema, "Mwanangu," bila kueleweka anamwita nani. Lukman alifuta za kwake, na video za dukani, na akaunti yenyewe. Ya mwisho ilipofutika, mkono wa Raya, aliyekuwa amelala na mkono juu, ulishuka polepole ukalala kifuani pake.

Harufu ilikwisha. Eda nayo ikaisha. Wanawake wa mtaa walikuja kumtoa Mastura, wakamwogesha, wakamvalisha dera jipya, wakala, wakaondoka. Urvashi alibaki. Alikuwa amekaa muda wote na mkoba mapajani, hakuufungua hata kutoa leso.

"Dada, wewe ulifuta yote?"

"Yote."

"Na Lukman?"

"Yote. Mbele ya Ustadh."

"Mimi nilihifadhi tangazo moja." Urvashi aliongea kwa kunong'ona. "Wateja wengi walihifadhi, dada, si mimi tu. Nilikuwa namkumbuka jirani yangu. Sasa tangu jana linajiwasha."

Ndani ya mkoba palikuwa na sauti ya mwanamume. Kitambaa kiliizuia, maneno hayakusikika. Kilichosikika ni kupanda na kushuka kwake tu.

Urvashi alishika zipu. "Niambie tu nifute. Nafuta sasa hivi."

Mastura alimgeukia mtoto. Raya alikuwa sakafuni anachora kwa penseli.

"Raya, nenda kwa bibi jikoni. Mwambie afunge mlango, akushike mkono asikuachie."

Mtoto akaenda. Mastura alingoja mpaka komeo la jikoni likalia. Kisha akasogea kwenye mkeka, karibu kabisa na Urvashi, akaondoa mtandio sikioni.

"Ongeza sauti kidogo," alisema.