Mfungo wa Uongo wa Raïssa

Uvumi ule ulimfikia Raïssa siku ya Jumatatu, kwenye foleni ya chakula shuleni, na tangu hapo haukumtoka kichwani. Aliyeuleta ni rafiki yake Bella. Alimsogelea na trei yake mkononi, akanong'ona kama mtu anayetoa siri ya serikali.

"Unajua Lorna Morinaga hali kitu siku nyingi kabla ya kurekodi? Ndiyo maana walimpa ile kazi ya udaktari kwenye tamthilia."

"Nani kakuambia?"

"Dada yake Clovis wa darasa letu kasoma kwenye kompyuta. Sasa wewe na mashavu yako hayo, Ijumaa utachaguliwa kweli?"

Bella alicheka, akaenda zake kukaa. Raïssa akabaki anaangalia viazi na samaki kwenye sahani. Ijumaa mwalimu Gunilla angechagua mhusika mkuu wa mchezo wa kuigiza wa darasa la sita. Raïssa alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakutaka kitu kingine duniani ila kuwa mwigizaji kama Lorna. Alirudisha sahani bila kuigusa.

Lorna Morinaga alikuwa Mmarekani mwenye asili ya Kijapani. Tamthilia yake ya hospitali ilionyeshwa saa kumi na moja jioni, na kule Husby, mtaa wao katika nchi ya Waswidi, ghorofa ya tatu, hiyo ilikuwa saa ya Raïssa na mama yake, Dancille. Mama alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na saa hiyo alikuwa amenyoosha miguu iliyovimba juu ya kiti. Waigizaji walisema Kiingereza, maandishi ya Kiswidi yakapita chini, na Raïssa akamgeuzia mama kwa Kiswahili.

"Daktari anasema nini?"

"Anasema mgonjwa atapona."

"Mbona kasema maneno mengi hivyo?"

"Ndiyo hayo hayo, mama."

Jumatatu hiyo, ugali na sombe ya majani ya muhogo vilipowekwa mezani, Raïssa alisogeza sahani kando.

"Sili, mama. Nafunga. Kwa maombi, mpaka Ijumaa."

Kijiko cha Dancille kilibaki hewani. Kanisani kwao, kanisa la Warundi na Wakongo, akina mama walikuwa na desturi ya kufunga na kuomba kwa zamu. Lakini mtoto? Uso wake, uliokuwa umechoka tangu alfajiri, ulichangamka. Hakuuliza neno la pili. Alichukua simu akampigia Mama Vénantie, kiongozi wa maombi.

"Bwana asifiwe! Huyu wangu ananishinda hata mimi niliyemzaa!"

Kufikia Jumanne akina mama watatu walikuwa wamemtumia Raïssa haja zao za kuombewa. Mmoja aliomba karatasi za ukaazi za mumewe zitoke. Mwingine alikuwa na dada aliyepotea vitani. Mama Vénantie mwenyewe alileta goti lake. Raïssa aliitikia kila mmoja, "Sawa, mama." Sasa hata kama angetaka kula, angekulaje?

Jumatano mwalimu Gunilla alimwita Dancille shuleni.

"Leo ni siku ya tatu hugusi chakula," Gunilla alimwambia Raïssa kwa Kiswidi, ili atafsiri. "Muulize mama yako kama unaumwa."

Raïssa akamgeukia mama yake. "Mama, anauliza kama ni kweli nafunga."

"Mwambie ndiyo! Mwambie namshukuru Mungu."

Raïssa akamgeukia mwalimu. "Mama anasema ni mambo ya kanisa letu. Msiwe na wasiwasi."

Gunilla aliangalia tabasamu la Dancille. Hakutaka kuonekana anadharau dini ya watu, akaliacha hapo. Wanawake wale wawili walishikana mikono wakaagana, kila mmoja amedanganywa kwa lugha yake.

Ijumaa ikafika. Raïssa alipanda jukwaani miguu ikiwa mizito kama ya mama yake baada ya kazi. Maneno aliyokuwa akiyajua kama jina lake yalikuwa yamekwenda. Alifungua kinywa, taa zikageuka nyeusi, akaanguka.

Dancille alifika akiwa na sare ya kazini, ananukia sabuni ya wazee. Raïssa alikuwa amelazwa chumbani kwa muuguzi wa shule. Akajiinua ili amtafsirie mama, lakini muuguzi akamwashiria alale, akampigia simu mkalimani. Sauti ya mwanamume ikatoka kwenye simu, Kiswahili kitupu:

"Mama, muuguzi anasema mtoto wako amekaa siku tano karibu bila kula. Anauliza ni kanisa gani linalofungisha watoto."

"Hakuna," Dancille alisema polepole. "Hakuna kanisa linalofungisha watoto."

Akamgeukia binti yake. Raïssa alijifunika shuka usoni.

Nyumbani mama hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Raïssa zaidi. Alipika uji mwepesi, kisha akatoa gazeti lililokuwa kwenye mkoba wa shule. Lilikuwa na picha ya Lorna Morinaga. Raïssa alikuwa ameliazima maktaba kwa ajili ya picha tu. Ndani hakuwahi kusoma.

"Nisomee huyu mtu wako."

Raïssa alisoma. Lorna alizaliwa California, wazazi wake wakilima matunda. Kwa miaka kumi na moja aliigiza wapita njia na wahudumu wa hoteli, watu wasio na neno la kusema. Halafu Raïssa akasita.

"Hapo pana maneno mengi," mama alisema. "Usiruke."

"Anasema... alipokuwa kijana alisikia waigizaji hawali. Akaacha kula. Akaanguka mbele ya kamera, na ile kazi akapewa mwingine." Akafuatisha mstari kwa kidole. "Anasema siku hizi haendi kazini bila wali wa nyumbani kwenye mkoba."

Machozi yakaanguka juu ya gazeti, na maneno yote yakatoka: Bella, mashavu, mwalimu, akina mama wa kanisani.

Dancille alisogeza bakuli la uji karibu naye.

"Kutwa nzima nabembeleza wazee wameze kijiko kimoja," alisema. "Kumbe wa kubembelezwa alikuwa hapa. Umekosa, mwanangu. Umeuumiza mwili wako, ukamfanya Mungu pazia la kujifichia. Na mimi nimekosa. Nilisikia neno maombi, nikaacha kuangalia uso wako. Kunywa uji."

Jumamosi walisimama pamoja kanisani mbele ya akina mama, na Raïssa akasema ukweli. Mama Vénantie akalisugua goti lake.

"Basi ndiyo maana bado linauma," alisema. "Kula kwanza, mwanangu. Utaliombea ukiwa umeshiba."

Jumatatu iliyofuata jukumu kuu lilikwenda kwa mtoto mwingine. Gunilla alimpa Raïssa nafasi ya muuza maua, mwenye sentensi mbili tu, naye akazipokea. Jioni hiyo mama alitamka, Raïssa akaandika, mstari wa mwisho akauongeza mwenyewe, wakabandika kwenye mlango wa friji:

Usiache kula kwa sababu ya uvumi.
Usicheke mwili wa mwenzako.
Usifiche kizunguzungu wala njaa.
Usiseme unafungia Mungu kama unafungia mashavu.
Usimtafsirie mzazi nusu ya maneno.
Na wewe mama, usijisifu kabla ya kuuliza.