Vioo vya Jua Vilivyochapwa kwa Maji

Omosa wa Sironga alichapa fulana za kwaya na vitambaa vya harusi. Alivuta kitambaa chembamba kwenye fremu ya mbao, akakandamiza rangi kwa ubao wa mpira, na maandishi yakatokea upande wa pili. Alikuwa fundi hasa. Shida ilikuwa thina, ile dawa kali ya kuzimulia rangi na kuoshea fremu. Chumba cha kazi kilipakana na chumba cha kulala, na thina ilinuka hadi kwenye ugali.

Mkewe, Nyanchoka, alivumilia maumivu ya kichwa miaka mitatu. Lakini binti yao Abigael, wa miaka minne, alipoanza kukohoa kutwa kucha, alimpeleka kwa bibi yake kijijini Magwagwa. Sasa ulikuwa mwezi wa pili tangu aondoke.

"Baba Abigael, mtoto atarudi lini?" aliuliza kila wiki.

"Nikipata chumba kingine cha kazi."

"Si utumie rangi ya maji?"

"Rangi ya maji hukauka polepole, na maji hayaoshi fremu. Nimejaribu."

Moyo ulimuuma Nyanchoka. Mumewe alikuwa mtu mwema, ila kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko jiwe la kusagia.

Ijumaa moja alasiri, mwaka 1998, aliingia jirani yao Mwalimu Bonareri, anayefundisha sayansi. Alibeba vioo vidogo na mfuko wa unga mweupe wa kutengenezea rangi.

"Omosa, nichapie hivi. Jumatatu wanafunzi wangu wanaonyesha kioo cha kutoa umeme kwa jua."

"Umeme kwa fremu ya fulana?" Omosa alicheka.

"Hiyo hiyo. Vioo hivi vinapitisha umeme. Unga tunakoroga kwa maji na siki kidogo, kisha unachapa utando mwembamba, sawasawa kila mahali. Ukiwa mnene utapasuka, na umeme utapotea. Unga huu unatosha kuchapa mara mbili tu."

Nyanchoka alikoroga nusu ya unga hadi ukawa laini kama uji wa mtoto mchanga. Mwalimu akatoka kwenda kuwasha jiko. Omosa akatazama dirishani. Jua likizama, Sabato ingeingia, na yeye, Msabato, hakuwahi kushika kazi saa hiyo. Haraka haraka akamimina thina kidogo ndani ya ule uji ili ukauke upesi.

Uji ukakatika kama maziwa yaliyoharibika. Kwenye kioo yakabaki mabonge.

"Umetia nini?" aliuliza Mwalimu aliporudi.

"Thina. Kidogo tu."

Nyanchoka alishindwa kujizuia. "Thina imemfukuza mtoto wangu, sasa inaharibu na kazi ya watoto wa watu!"

Omosa alianza kukwangua mabonge kwenye kioo.

Jumapili asubuhi walirudia, kwa maji na siki pekee. Omosa alivuta ubao polepole. Utando ulitoka mwembamba, bila doa.

"Sasa osha fremu, kabla haijakauka," Mwalimu alisema. "Hapo ndipo wengi hukosea. Wanaiacha hadi jioni, halafu wanasema maji hayafai."

Omosa alikohoa kidogo. Hivyo ndivyo alivyofanya siku zote. Alimwaga maji, akasugua. Fremu ikatakata.

Mwalimu alichoma kioo juu ya jiko nusu saa, akakiacha kipoe, kisha akakilowesha katika maji ya matunda ya zambarau. Kioo cha pili alikisugua kwa risasi ya penseli. Alitia tone la iodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda, katikati ya viwili hivyo, akavibana na kuvipeleka juani. Mshale wa kipimo cha umeme ukapanda.

"Rangi ya tunda inashika mwanga," alieleza. "Unga unapokea umeme na kuupeleka kwenye kioo." Alikinga jua kwa kiganja; mshale ukaanguka. "Huu ni umeme mdogo, hauwashi hata balbu. Lakini wataalamu wanatafuta namna ya kuchapa vioo vya jua bila dawa za sumu."

Omosa aliinua fremu yake safi juani. "Kesho naenda Kisii, kwenye duka la rangi la Nayna, kununua rangi ya maji. Na hii thina, niimwage mtoni?"

"Usithubutu! Watu wanachota huko. Ifunge vizuri, umpe fundi wa magari anayepaka rangi nje penye hewa."

Mwezi uliofuata fulana zilikaa kwenye kamba mchana mzima. Wateja wawili walinung'unika, wakangoja. Nyanchoka alifua mapazia, akaacha madirisha wazi wiki nzima, kisha akaenda Magwagwa na kurudi na Abigael.

Mtoto hakukohoa. Siku ya tatu alipenya chumba cha kazi na kutumbukiza mikono yote miwili ndani ya rangi nyekundu. Nyanchoka aliruka kwa hofu, akamshika. Halafu akakumbuka kwamba sasa ni rangi ya maji, akacheka hadi akakaa chini, na kumnawisha kwa maji na sabuni.